Mota Inanguruma, Mtumbwi Hauendi: Kutafuta Chanzo cha Tatizo Ukiwa Baharini Dar

Msimu wa kusi uliopita kijana mmoja wa Kunduchi aliniletea mota yake ya umeme ikiwa ndani ya gunia, akasema imekufa. Alikuwa amekwenda kuvua upande wa Mbweni. Alipowasha mota arudi nyumbani, saa nzima ikapita anautazama mnazi uleule ufukweni. Akapiga kasia mpaka viganja vikachubuka, na mwishowe akavutwa na mashua iliyokuwa ikitoka kwenye dagaa. Nilipoiunganisha mota ile kwenye betri yangu, ikazunguka vizuri kabisa. Haikuwa na kasoro hata moja. Upepo wa kusi ulikuwa usoni mwake, maji yalikuwa yanakimbilia kaskazini, na betri aliyokuwa nayo ilikuwa ya gari.

Kila anayeniuliza tangu siku ile namwambia akague kwa mpangilio huu: maji na upepo kwanza, kisha propela, kisha nyaya na viunganishi, kisha betri, na mota yenyewe iwe ya mwisho. Wengi wetu tunaanzia mwisho. Tunafungua mota, tunaharibu oringi (mipira ya kuzuia maji) zilizokuwa nzima, chumvi inaingia, na tatizo ambalo halikuwepo sasa linakuwepo. Haya ninayoandika yanamfaa pia anayevua kwa kasia au tanga tu, maana nusu ya matatizo ya baharini hayahusiani na umeme hata kidogo.

Mota inazunguka lakini chombo hakisogei

Kabla ya kugusa kitu, tambua kama chombo hakisogei juu ya maji au hakisogei ukilinganisha na nchi kavu. Ni mambo mawili tofauti. Dondosha kipande cha jani au ganda la muhogo ubavuni, kwenye omo (mbele ya chombo). Kikikimbia haraka kuelekea tezi (nyuma), propela inafanya kazi yake na chombo kinakata maji. Kisha tazama ufukweni, upande wa ubavuni mwako, chagua vitu viwili vilivyo kwenye mstari mmoja, kimoja mbele na kingine nyuma yake: mnazi na mnara wa simu, au kona ya ukuta na paa la hoteli. Vikiachana, unasonga. Vikibaki vimeshikana wakati jani linakimbia ubavuni, unapambana na mkondo.

Hesabu yake ni nyepesi na inauma. Mota ndogo kwenye mtumbwi wenye watu wawili hukupa kama kilomita 5 kwa saa. Nyumbani ni kilomita 4, basi maji yakiwa yametulia utafika kwa dakika 48. Mkondo ukija kinyume kwa kilomita 3 kwa saa, unabakiwa na kilomita 2 kwa saa, na safari ileile inakuwa ya saa mbili. Betri yako haikupangiwa saa mbili. Ukiongeza mota mpaka mwisho unapata kasi kidogo tu, lakini umeme unaondoka maradufu na zaidi.

Ukijikuta hapo, punguza mota na ukate kuelekea ufukweni badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani. Kwenye maji ya kina kifupi na nyuma ya miamba mkondo huwa mdogo, nako unaweza hata kutumia pondo (mti wa kusukumia chombo). Au tia nanga usubiri. Maji yanayotoka yatatulia na kugeuka, kwani kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kadhaa. Ila usitegemee kugeuka huko ukiwa nje ya visiwa. Huko mkondo mkubwa wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongezeka kasi. Mvuvi aliyepotelewa na nguvu nje ya Mbudya au Bongoyo hasubiri maji yageuke. Anaingia ndani ya visiwa mapema, angali na betri au angali na mikono.

Kinga ya tatizo hili wazee waliijua kabla ya mota kuwepo: nenda kwenye upepo kwanza, urudi nao. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi, kusi ikitawala, anza safari yako kwenda kusini, vua, kisha uache upepo na maji vikurudishe. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, geuza. Na miezi yote hiyo, alfajiri umande huvuma kutoka nchi kavu na bahari huwa laini, lakini kuanzia saa nne au saa tano asubuhi upepo wa baharini huamka. Anayetoka saa tatu kwa sababu bahari ilikuwa shwari saa kumi na mbili anasoma barua ya jana. Sikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kabla ya safari, na ukitajwa upepo mkali na mawimbi makubwa, chombo kidogo kibaki juu ya mchanga.

Sasa, kama jani halikukimbia ubavuni, tatizo liko chini ya maji. Zima mota, chomoa waya mmoja wa betri, kisha inua shafti. Usiingize kidole kwenye propela ambayo bado ina umeme, hata kama swichi iko kwenye sifuri. Mara nyingi utakuta mwani, kipande cha wavu, au mshipi wako mwenyewe wa kuvulia. Huo mshipi ndio wa kuogopwa zaidi. Hujizungushia nyuma ya propela mahali usipoonekana, hukata oili sili (mpira unaozuia maji kwenye shafti) taratibu, na maji ya chumvi huingia kwenye mota wiki mbili baada ya wewe kusahau. Fungua nati, vua propela nzima, safisha mpaka shafti ing'ae. Mimi hufanya hivyo kila baada ya safari tatu au nne, hata kama sikuona kitu.

Propela ikiwa safi lakini inazunguka kiurahisi kwa mkono bila shafti kuifuata, pini inayoishika kwenye shafti imekatika. Pini imeundwa ikatike, ili mwamba usivunje mota. Beba mbili za akiba na spana yake, zifunge kwenye mfuko mmoja na uzitundike kwenye mota yenyewe. Msumari si pini: ni mgumu kuliko inavyotakiwa, na utakapogonga mwamba kitakachovunjika ni kitu cha bei kubwa.

Kuna na hili la mitumbwi yetu. Mota hizi zilitengenezewa boti zenye tezi bapa, nasi tunazifunga ubavuni juu ya ubao uliokatiza mtumbwi. Mwenzako akisogea omo kuvuta samaki, tezi inainuka, propela inakaribia uso wa maji, inaanza kumeza hewa. Utasikia mlio ukipanda ghafla huku nguvu ikipotea, na mapovu meupe nyuma. Shusha shafti mpaka propela iwe angalau futi moja chini ya maji, au rudisha uzito nyuma: betri na ndoo ya barafu vikae tezini, nanga ikae omo. Kwenye ngalawa angalia pia isiwe karibu mno na tengo (ubao unaoelea pembeni), maana maji yaliyovurugwa na tengo hayashikiki vizuri.

Na kama kila kitu ni sawa lakini chombo kimekuwa kizito kuliko mwezi uliopita, kipandishe ufukweni ukatazame tumbo lake. Mwani na vigamba vigumu vinavyoota chini hula nguvu kuliko abiria wa ziada. Kikwangue, kikaushe, kipake deheni au rangi ya chini.

Mota haiwaki kabisa

Hapa mara tisa kati ya kumi ni kiunganishi au fyuzi. Tikisa klipu za betri huku swichi iko kwenye namba ndogo. Ikishtuka na kuzima, umeshapata. Klipu za kubana ni adui wa mvuvi. Chumvi huingia katikati ya meno yake, na pale pa kugusana panabaki padogo kama punje ya mchele. Weka vichwa vya kufunga kwa boliti, kaza, kisha paka grisi juu yake. Angalia pia chanya na hasi hazikugeuzwa gizani. Kwenye mota za swichi ya kawaida kosa hilo litaizungusha kinyume, lakini kwenye zenye kontrola ya elektroniki linaweza kuiua.

Nunua multimita. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko ndoo ya samaki mchanganyiko, na kitakuonesha mambo ambayo jicho halioni. Pima kwenye betri, kisha pima mwisho wa waya unapoingia kwenye mota, halafu mtu awashe wakati unaendelea kupima. Betri ikibaki juu ya 12 huku kwenye mota ikianguka hadi 8, volti zimepotea njiani. Sasa weka ncha moja ya multimita upande huu wa kila kiungo na nyingine upande wa pili, mota ikiwa imewashwa. Kiungo kizima kitasoma karibu na sifuri. Kinachosoma volti moja au mbili ndicho mwizi wako. Ukikikata utakuta shaba imekuwa ya kijani mpaka ndani ya plastiki, na dawa yake ni kukata nyuma mpaka upate shaba inayong'aa.

Umeme ukifika salama mpaka kwenye mota na bado imenyamaza, hapo sasa ndipo mota inapohusika: swichi iliyoliwa na chumvi, kaboni zilizoisha, au maji yaliyoingia. Itundike ikiangalia chini usiku mmoja. Ikidondosha maji ya kahawia, oili sili imekwisha, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa, ifanyike kavu, mbali na mchanga.

Waya unapata moto

Waya unaopata moto ni waya mwembamba. Nimeona mota yenye nguvu ya kusukuma ya pauni 55 imeunganishwa kwa waya wa milimita 2.5, ule wa soketi za nyumbani, kwa sababu ulibaki kwenye ujenzi. Mota hiyo ikifunguliwa mpaka mwisho huvuta kama ampea 50. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye mota, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi, na kwenye waya ule unapoteza karibu volti 3.5. Yaani betri ya 12.5 inafika ikiwa 9, na hizo 3.5 zimegeuka joto karibu na miguu yako. Waya wa milimita 16 kwa umbali uleule unapoteza nusu volti hivi tu. Kama mfuko hauruhusu waya mnene, sogeza betri karibu na mota.

Fyuzi au swichi ya kukata ya ampea 60 ikae karibu na betri, waya wa chanya, si kule mwisho kwenye mota. Waya ukichubuka katikati bila fyuzi, betri itautolea umeme wote iliyo nao, na moto kwenye chombo cha faiba hauna mahali pa kukimbilia.

Betri inaisha kabla ya kurudi

Hili ndilo linalowatoa watu jasho, na ndilo lenye imani nyingi zisizo sahihi.

Betri ya gari, N50 au N70, haikutengenezwa kwa kazi hii. Ina bamba nyembamba nyingi ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe papo hapo. Ukiikamua mpaka chini kila siku kama tunavyofanya sisi, baada ya safari chache inaanza kusema uongo: inasoma 12.6 ufukweni na inakufa kabla ya kufika mwambani. Tafuta betri zinazouzwa kwa ajili ya sola, zenye bamba nene. Zinapatikana kirahisi Kariakoo na karibu kila kitongoji.

Hata hiyo ya sola, ya risasi na asidi, yenye ampea-saa 100, usiihesabu 100. Ihesabu 50. Ukishuka chini ya nusu mara kwa mara unaifupishia maisha. Hizo 50, mota ikivuta ampea 50, ni chini ya saa moja. Lakini mota ileile ikiendeshwa taratibu huvuta sehemu ndogo tu ya hizo, na saa zinaongezeka mara mbili, mara tatu. Fahamu pia aina ya mota yako: zile za bei nafuu zenye gia tano za kubofya hupunguza kasi kwa kuchoma sehemu ya umeme kama joto, kwa hiyo kupunguza kwake hakuokoi kama kwa mota ya kontrola ya elektroniki.

Kwa betri ya risasi soma hivi, ikiwa imepumzika bila mzigo: 12.7 imejaa, 12.4 robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, na chini ya 11.8 imekwisha. Ikiwa imetoka kufanya kazi sasa hivi, namba itakuwa ya chini kuliko hali halisi. Iache itulie kwanza. Mimi nikiona 12.4 nageuza omo, hata kama samaki changu wamepanga foleni. Robo ile nyingine ni ya kurudi na akiba iliyo chini ni ya upepo nisioutarajia.

Betri ya lithiamu ina tabia nyingine. Inakaa kwenye 13 na ushee karibu safari nzima, kisha inaanguka ghafla, na bodi ya ulinzi iliyo ndani inakata umeme bila kuaga. Multimita haikusaidii sana hapo. Funga kifaa cha kuhesabu ampea-saa, au tumia saa ya mkononi: ukishajua kwa majaribio ya karibu na ufukwe kwamba inadumu saa tatu kwa kasi fulani, saa moja na nusu ndio mwisho wa kwenda mbele. Uzuri wake ni kwamba unaweza kutumia sehemu kubwa ya kilichoandikwa, na ni nyepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja kwenye matope.

Vijana wengi sasa wananiuliza kuhusu pakiti za bajaji na pikipiki za umeme zilizotumika. Hizo nyingi ni za volti 48, 60 au 72. Ukiigusisha moja na mota ya volti 12, kontrola inaungua kabla hujaondoa mkono. Kibadilisha volti kinahitajika, tena kinachoweza kubeba ampea 50 mfululizo. Vile vidogo vya taa havifai.

Kuhusu kuchaji: usiiache betri ya risasi ikiwa tupu hata siku mbili. Ukifika, ioshe chumvi, ikaushe, iunganishe. Kwa chaja ya ampea 10, nusu iliyotumika itarudi kwa saa sita hadi nane, na gharama yake ni karibu yuniti moja ya LUKU, ndiyo sababu naipenda mota ya umeme kuliko petroli kwa safari za karibu. Chajia mahali pa wazi, mbali na jiko la mkaa na mbali na chumba wanacholala watoto, maana betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Zenye vizibo ziongezwe maji ya betri, yasiwe ya bomba. Lithiamu itumie chaja yake.

Maji ndani ya chombo

Kwanza fua (teka na kumwaga) maji yote, kausha kwa tambara, ukae dakika kumi ukitazama. Yakirudi haraka ukiwa umesimama, kuna ufa au tundu. Yakirudi ukiwa unakwenda tu, chunguza juu ya mstari wa maji na mahali ulipotoboa boliti za ubao wa mota. Matundu hayo ya boliti ndiyo chanzo nilichokutana nacho mara nyingi zaidi kwa waliofunga mota karibuni: walitoboa, wakakaza, hawakuziba.

Ufa usioonekana hupatikana kirahisi nchi kavu. Kiinue chombo juu ya magogo, mimina maji ndani, uangalie yanapotokea nje. Mtumbwi wa mti ukiachwa juani wiki nzima hupasuka, na dau la mbao hukauka mpaka maungio yakaachia. Lizamishe kwenye maji ya kina kifupi siku moja mbao zivimbe kabla ya kuita fundi wa kalafati (wa kuziba maungio). Kivuli cha makuti ni kinga ya bei ndogo kuliko zote.

Kopo la kufulia maji lifungwe kwa kamba kwenye chombo. Jaketi okozi livaliwe, si kukaliwa.

Nanga haishiki, au haitoki

Nanga inayoteleza kwa kawaida ina kamba fupi. Kina cha mita 10 kinataka kamba ya mita 50, na ukiweka mnyororo wa mita mbili tatu karibu na nanga utalala chini na kuivuta kwa ubapa. Kwa kamba ya mita 15 nanga inavutwa kwenda juu, na hapo haina nguvu.

Isiyotoka imenasa kwenye tumbawe. Usifunge kamba kwenye tezi na kuvuta kwa mota. Maji yakiwa na kasi, tezi itazama na chombo kitajaa kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao: chombo kidogo hufungwa nanga kwa omo, siku zote. Zunguka upande wa pili wa nanga kisha uvute. Wanaotumia nanga ya nondo wanajua kwamba makucha yake hunyooka ukivuta kwa nguvu, na ndiyo faida yake. Bora zaidi, tupa nanga mchangani pembeni ya mwamba uache chombo kisogee juu yake, maana tumbawe lililovunjwa na nanga ndilo nyumba ya changu unayemtafuta.

Na usitie nanga kwenye mlango wa bandari pale Magogoni. Meli kubwa haiwezi kukukwepa kwenye njia nyembamba, pantoni za Kigamboni zinakatiza mchana na usiku, na sheria za baharini zinakutaka wewe unayevua usizuie njia.

Samaki hawali, au wanakula na kuondoka

Mshipi ukikatika, usiufunge upya kabla ya kutazama ncha yake. Ncha iliyokatwa safi kama kwa wembe ni meno: nguru, au bunju. Ongeza waya mfupi kabla ya ndoana. Ncha iliyochakaa na kukwaruzika ni mwamba: inua chambo mita moja kutoka chini. Ncha iliyojikunja kama mkia wa nguruwe ni fundo lako liliteleza. Loweka fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Bunju mwenyewe akipanda, mrudishe baharini. Sumu yake haiondoki kwa kupika wala kukaanga, na inaua.

Chambo kikirudi kimemenywa bila kuhisi kitu, ni samaki wadogo na ndoana yako ni kubwa mno kwao, au ni samaki waitwao vikande. Badili dagaa uweke ngisi, nyama yake ngumu haing'oki kirahisi. Kimya kabisa kwa nusu saa? Tazama maji. Yakisimama kati ya kujaa na kupwa, samaki wa mwambani huacha kula, na yakianza tena kutembea nao huanza. Kwenye bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) shida ni kinyume: mkondo unainua mshipi, chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) haifiki chini, nawe unavua katikati pasipo na mtu. Weka chubwi nzito, au acha maji ya kina kirefu mpaka maji mafu, yale madogo kati ya bamvua na bamvua. Masika, Msimbazi na mito mingine ikimwaga tope, sogea kutoka kwenye maji ya kahawia mpaka ukutane na mstari wa maji safi, uvue pembezoni mwake.

Wanaorambaza (wanaovuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda) kwa mota ya umeme hulalamika kwamba nguru hawagusi. Wengi wanavuta chambo bandia kilichotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya mashine ya petroli, kinachotaka kilomita 10 kwa saa au zaidi ndipo kicheze. Kwa kasi yako kinaning'inia tu. Vuta kibua mzima, hai au aliyekufa, taratibu, hatua za mtu anayetembea. Hapo ukimya wa mota ya umeme unakuwa faida. Na kwenye maji ya kina kifupi zima mota mita 30 kabla ya kufika, chombo kielee chenyewe, kasia lisigonge ubavu.

Ukisimamishwa na boti ya doria, yawezekana umeingia maeneo tengefu: Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zilitengwa tangu 1975, na visiwa vya Sinda upande wa kusi navyo vimo. Uvuvi hauruhusiwi humo. Leseni ya uvuvi na karatasi za usajili wa chombo vikae kwenye mfuko usioingia maji, pamoja na simu.

Umekwama mchangani

Kwetu hapa bamvua ina saa zake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana kwenye saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa sana saa nne au saa tano asubuhi. Tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Aliyetoka Msasani au Kunduchi alfajiri ya bamvua akapanga kurudi saa nne atakuta mchanga mtupu mahali alipopita na chombo. Kila siku muda huo husogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo ukiujua wa leo unaujua wa kesho.

Ukishagusa chini, inua mota mara moja kabla mchanga haujaingia kwenye oili sili, na ushuke ukipunguzie chombo uzito. Kama maji bado yanatoka na hukufanikiwa kwa dakika tano, acha kusukuma. Peleka nanga kwa miguu upande wenye kina, uikaze, egemeza chombo kwenye ubavu mmoja kwa kasia ili kisilale vibaya juu ya mwamba, funika samaki kwa gunia lililoloweshwa, kisha mpigie simu mtu wa nyumbani umwambie uko wapi na utafika saa ngapi. Maji yakirudi, chombo kitainuka chenyewe. Subiri mpaka kielee kabisa na propela iwe na futi moja ya maji chini yake, ndipo ushushe mota.